Soko Limelala: Maneno kwa Wenzangu wa Kibuye

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi, Septemba 2025, katika ukumbi wa kanisa ulio hatua chache kutoka soko la Kibuye, Kisumu, kikundi chetu cha akiba na mikopo kilipokutana. Wenzangu waliniomba niyaandike. Vicheko nimeviacha nje, ila pale nilipokatizwa nimepabakiza.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mna safari: oyawore, mulembe, bwakire. Na wengine wote, hamjambo.

Mwenyekiti amenipa dakika 30 na akaniomba nisiwape somo. Hilo la pili ni gumu. Nilifundisha somo la biashara shule ya upili miaka 26 kabla sijaja kupima nafaka hapa sokoni, na ugonjwa wa ualimu hauna dawa.

Swali nililoletewa ni moja, na karibu kila mmoja wenu ameniuliza pale kibandani, huku akichukua maharagwe yangu kwa kiganja, akiyapepeta, akiyarudisha: "Mwalimu, redioni wanasema uchumi umepona. Mbona kwangu haujafika?"

Nimekuja na kitu hiki. Walio nyuma wanakiona? Ni kaunta buku yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Pembe hii ilitafunwa na panya, na hapa katikati kuna duara la kikombe cha chai. Ni daftari langu la madeni. Kila aliyeondoka na gorogoro ya nafaka, yaani kopo zima la kupimia, bila kulipa ameandikwa humu. Tulieni, sitasoma majina.

Februari 2020: madeni saba mwezi mzima, na yote yamepigwa mstari, maana yake yalilipwa. Geuza ukurasa. Machi shule zikafungwa, mwisho wa mwezi amri ya kutotoka nje usiku ikaanza, na kufikia Juni ukurasa mmoja haunitoshi kwa wiki. Walioandikwa ni akina nani? Walimu wa shule za kibinafsi, wahudumu wa hoteli, mama aliyekuwa akiuza chapati kwenye lango la shule. Kila mmoja wao riziki yake ilikaa mahali watu wanapokutana, na watu walikuwa wamekatazwa kukutana. Mwaka ule pato la taifa lilipungua kwa asilimia 0.3. Nambari hiyo inaonekana ndogo kama chawa, lakini nchi yetu haikuwa imerudi nyuma kwa mwaka mzima tangu mapema miaka ya 1990.

Mwaka 2021 uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 7. Ukisoma gazeti, ule ulikuwa mwaka wa sherehe. Ukisoma daftari hili, ndio mwaka watu walilipa madeni ya 2020. Mistari ni mingi, lakini ununuzi mpya ni haba. Mtu analipa 600, anachukua ya 100. Pesa ilirudi sokoni, ndiyo, ila iliingia kwanza kuziba mashimo. Ninawaomba mlikumbuke hili, nitalirudia nikifika mwisho.

Sasa 2022. Hapa kinachobadilika ni kinachokopwa. Kabla ya hapo watu walikopa maharagwe, ndengu, mchele wa Ahero. Kuanzia katikati ya mwaka ule wanakopa mahindi. Mtu akikopa kitoweo, anataka kula vizuri kabla mshahara haujafika. Mtu akikopa mahindi, ujue jikoni hakuna kitu. Vita vya Ukraine vilianza Februari, mbolea ikapanda hadi mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000, mvua nazo zilikuwa zimekataa sehemu nyingi za nchi, na pakiti ya unga ya kilo 2 ikapita shilingi 200. Oktoba mwaka ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6.

Lakini ukurasa ulionitisha ni wa baadaye. Mwisho wa 2023 na kuingia 2024, ndani ya daftari wanaanza kuingia watu wenye mishahara. Watu wenye kazi ya kudumu, wenye kitambulisho cha kazi shingoni, wananiambia, "Mwalimu, niandike hadi tarehe 5."

Tuchukue mfano wa msimamizi wa bohari hapa mjini anayelipwa 50,000. Mwanzoni mwa 2023 alikuwa akikatwa 200 za malipo ya uzeeni ya NSSF na 1,200 za bima ya afya. Jumla 1,400. Leo NSSF inachukua 3,000, bima mpya ya afya asilimia 2.75, yaani 1,375, na ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani 750. Jumla 5,125. Na hapo kodi ya mshahara bado hatujaigusa. Tofauti ni shilingi 3,725 kila mwezi. Kwa bei yangu ya leo, hizo ni gorogoro 12 za maharagwe zinazobaki kwenye gunia langu kwa sababu ya mtu mmoja tu. Mzidishe huyo kwa wafanyakazi wote wanaopita Kondele jioni wakielekea nyumbani.

Nisieleweke vibaya. Hizo 3,000 za uzeeni ni zake, siku moja atazila, na mimi mwenyewe ningefurahi kama ningekatwa vile nikiwa kijana. Ninachosema ni kwamba pesa hiyo ilikuwa ikipita Kibuye, na sasa haipiti. Soko haliwezi kula akiba ya uzeeni ya mteja.

Halafu kuna hili la bei. Serikali inasema mfumuko umeshuka kutoka ile asilimia 9.6 hadi 2.7 Oktoba mwaka jana, na mwezi uliopita ulikuwa 4.5. Hawadanganyi. Lakini wengi wetu tukisikia "umeshuka" tunangoja bei ishuke, na isiposhuka tunasema tumedanganywa. Wote mmepanda matatu ya Kakamega. Ukitoka hapa, ukipita Mamboleo, unaanza kupanda mlima wa kuelekea Kiboswa. Gari likiwa jepesi linapanda mbio. Likijaa na injini ikichemka, dereva anaweka gia ndogo, linapanda polepole. Kupanda polepole hakujamrudisha mtu Mamboleo! Bado uko kule juu, na bado unaenda juu. Mfumuko ndio mwendo wa gari. Bei ndiyo pale mlimani ulipofika. Mafuta ya taa, sabuni, nauli, vyote vilishapanda hadi Kiboswa, na vingi havirudi chini. Petroli ilipita 200 Septemba 2023, leo iko karibu 185. Hiyo ni nafuu, lakini ni nani hapa nauli yake ilirudi ilivyokuwa 2021?

Kilichorudi chini kweli ni mahindi. Ninayo habari ya mahindi, na si nzuri kwangu.

Aprili 2023 gunia la kilo 90 lilikuwa limepita 6,000 na bado linapanda. Mimi, Mwalimu, niliyefundisha watoto wa watu sura nzima kuhusu ugavi na mahitaji, nikaamua kwamba litafika 8,000. Nikakopa kwenye Sacco, ushirika wetu wa akiba na mikopo, nikanunua magunia 20 kwa 6,200 kila moja. Shilingi 124,000. Nikayapanga hadi darini, nikanyunyiza dawa, nikafunga mlango na kungoja. Mvua ikanyesha. Mbolea ya ruzuku ikafika mashambani. Mahindi ya Uganda yakaingia, kisha ya Trans Nzoia yakavunwa. Magunia ya mwisho niliyauza 4,300, yakiwa na fukusi. Mkopo sikupunguziwa hata senti. Na wakati mimi nalia kwa sababu bei imeshuka, ninyi mlikuwa mkifurahi, na mkulima wa Kitale alikuwa akilia pamoja nami. Kwa hiyo mtu akiniambia "bei zishuke", namuuliza kwanza: za nani?

Hapo Mzee wetu wa viatu vya akala aliinuka bila kunyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo pesa yote ilienda wapi? Haikuliwa na mchwa."

Swali zuri, Mzee. Kuna iliyoliwa, na mnajua kuliwa gani, sitaingia huko leo. Ila kuna sehemu nyingine ambayo ilienda mahali mnapoweza kupaona. Mwaka 2014 nchi yetu ilikopa dola bilioni 2 kwenye soko la nje, zilipwe Juni 2024. Tarehe ilipokaribia, wenye dola wakaanza kuogopa kwamba hatutaweza. Wakazikumbatia. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Januari 2024 ilifika karibu 160. Kila kitu kinachotoka nje, kuanzia mafuta hadi belo la mtumba, kilipanda pamoja nayo. Serikali nayo, ikitafuta shilingi hapa ndani, ikauza hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, Februari 2024 kwa riba ya asilimia 18.46, tena isiyokatwa kodi. Ilitaka bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya bilioni 280. Mabilioni yale yote, Mzee! Wewe ungekuwa meneja wa benki, mbele yako kuna serikali inayokupa 18.46 ukiwa umeketi, na upande wa pili kuna mama wa omena wa Kibuye ambaye anaweza kuzuiwa na mvua, magugu maji au askari wa kaunti. Ungemkopesha nani?

Akasema, "Mimi ningemkopesha mama wa omena, ila ningetaka omena." Haya.

Basi pesa ilienda juu, ikakaa. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13 kuinusuru shilingi. Na shilingi ilinusurika: mwezi huo huo wa Februari tulikopa nje dola bilioni 1.5 ili tulipe sehemu ya zile bilioni 2. Sisi wa vyama tunaujua mchezo huo, kumkopa Nafula umlipe Akinyi. Lakini ulifanya kazi kwa namna yake. Dola ikarudi karibu 130 ndani ya miezi michache na tangu hapo imetulia pale. Kisha ukaja Juni 2024, mswada wa fedha wa kuongeza kodi, vijana barabarani, maduka kufungwa, mswada kuondolewa. Wengine wenu mlipoteza mali siku zile, na wengine mlipoteza zaidi ya mali. Sitaipima siku hiyo kwa gorogoro.

Tangu Agosti mwaka jana Benki Kuu imekuwa ikishusha riba hatua kwa hatua, kutoka 13 hadi 9.5 mwezi uliopita. Hati za mkopo za serikali za siku 91 zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 sasa zinalipa karibu 8. Yule meneja wa benki sasa inabidi ageuke atazame upande wa pili. Bado hajageuza shingo yote. Riba ikipanda unapata ujumbe kwenye simu siku hiyo hiyo. Ikishuka, wanangoja uandike barua. Basi andikeni barua. Nasema kwa dhati. Mwenye mkopo wa benki aende Jumatatu aulize riba yake ni ngapi leo na kwa nini. Sisi wenyewe kwenye Sacco tujiulize vilevile.

Ndiyo maana nikiulizwa kama uchumi unapona, najibu ndiyo, unapona, lakini umeanzia juu. Mwaka jana ulikua kwa asilimia 4.7, chini ya 2023. Mgonjwa ametoka chumba cha mahututi, amewekwa wodini, anaweza kumeza uji. Nyinyi mnamngoja mnadani akabebe magunia.

Kuna jambo lingine wanalolichanganya wenye matumaini. Si kila kilicholala kitaamka. Wazee mnakumbuka kiwanda cha nguo cha hapa Kisumu, KICOMI. Mjomba wangu alikuwa huko, zamu ya usiku. Nilipokuwa msichana nilivaa sketi ya kitambaa cha kiwanda hicho. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, nguo za bei rahisi zikaingia, mtumba ukajaa, deni likakaba, kiwanda kikafungwa. Mjomba alikaa na ovaroli yake imeningʼinia nyuma ya mlango akisema, "Ni mambo ya muda, watatuita." Hakuna aliyewaita. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa asilimia 46, na huo ulipita. Mwaka 2008 maduka yalichomwa barabara ya Oginga Odinga, tukadhani mji umekwisha, nao ukajengwa upya mbele ya macho yetu, mrefu kuliko ulivyokuwa. Kiwanda hakikurudi. Homa ilipita, lakini mguu uliokatwa haukuota. Nawaambia hivi kwa sababu wako wenzetu wanaongoja biashara ambayo wateja wake wameshahama. Ukiona miaka mitatu mfululizo wengine kwenye mstari wako wanauza na wewe huuzi, usiseme "uchumi". Kwako hiyo ni habari nyingine, na ni bora uijue mapema kuliko Mjomba.

Tumaini langu mimi liko wapi? Nitawapeleka kwenye miwa, kwa sababu pesa ya miwa ikilipwa Muhoroni na Chemelil, Kibuye inajua kabla ya Jumapili. Mnakumbuka 2023 sukari ilivyokuwa dhahabu. Ukame ulipiga, miwa ikawa adimu, viwanda vikagombana shambani, wakulima wakauza miwa michanga ya miezi 10 kwa sababu ada ya shule haingoji. Mua mchanga ni mwepesi na hauna utamu, kwa hiyo mkulima akapata kidogo na kiwanda kikakamua maji. Kesho yake shamba tupu. Julai viwanda vikaamriwa vinyamaze miezi kadhaa ili miwa ikomae. Watu walilaani, mimi mmojawapo, kwa sababu miezi ile wateja wangu wa ukanda wa miwa walipotea kabisa. Lakini 2024 nchi ikatoa zaidi ya tani 800,000 za sukari, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana Kenya.

Sasa kabla hamjapiga makofi: Julai mwaka huu viwanda vya upande wa Magharibi vimeambiwa tena vinyamaze, miwa imekwisha tena. Tulipopona tu tukarudi kukata michanga.

Na mikopo ya simu ni miwa michanga. Akina mama wa mboga, mnanisikia? Asubuhi unachukua 2,000 kwenye simu kununua sukuma, jioni unakatwa, kesho unachukua 2,500 kwa sababu ile faida imeliwa na ada. Unakata shamba halijakomaa. Mwezi huu tumekubaliana kikundi kitoe mikopo midogo ya wiki nne kwa mzunguko, kuanzia kwa wale wenye deni la simu. Mwenye haya ya kusema deni lake mbele ya watu aje kibandani kwangu, anunue hata nusu gorogoro ya ndengu, atanongʼona.

Nilisema nitarudi kwa yale madeni ya 2020, yaliyolipwa 2021. Wiki tatu zilizopita nilikaa na daftari hili nikahesabu mistari. Mwaka jana wote nilipiga mistari 31. Mwaka huu, kufikia Agosti, 58. Mauzo yangu hayajapanda, niwe mkweli. Ila watu wanaziba mashimo. Nimeshaiona picha hii mara moja, kwa hiyo najua iko hatua gani: bado hatujafika kwenye kununua.

Jumanne alikuja mtu mmoja wa bodaboda. Nilikuwa nimeshamsahau, hata uso. Akavua helmeti, akasema, "Mwalimu, nina deni lako la Machi 2023." Tukatafuta ukurasa pamoja, kidole chake na changu, tukalipata: mahindi gorogoro tatu, shilingi 480. Akanilipa noti za mia nne na sarafu, akazihesabu mwenyewe mara mbili. Nikapiga mstari. Akasimama tu pale, akizungusha helmeti mkononi. Kisha akasema, "Sasa nipimie maharagwe mbili, niandike hadi Ijumaa."

Mnacheka. Nilimpimia. Ijumaa ilikuwa jana, na kabla hamjauliza: alikuja saa kumi na mbili jioni nikifunga, na alikuwa na nusu.

Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Nani ana swali?